Kupima ukali wa kolaitisi: Truelove na Witts, Mayo, SCCAI au kamera?

Saa tatu usiku simu iliita. Alikuwa tabibu wa kituo cha afya kimoja huko juu migombani, mtu ambaye hanipigii bila sababu.

"Shikamoo, dokta. Nina kijana wa kolaitisi ya vidonda, alishapimwa kwa kamera mwaka juzi. Leo imerudi kwa nguvu. Najumlisha alama za Mayo lakini sina kamera. Hapo niweke sifuri au tatu?"

"Marahaba. Iache Mayo kwanza. Tangu asubuhi ameenda choo mara ngapi, na mapigo yake ni mangapi?"

Nikasikia simu ikiwekwa mezani, viatu vikienda wodini na kurudi. Mapigo 116. Joto 38.1. Choo, mama yake alisema aliacha kuhesabu baada ya mara ya nane, na zote zilikuwa na damu.

"Mtafutie gari," nikamwambia.

Hakuwa mvivu wala mjinga. Alishika kipimo kizuri mahali ambapo hakifanyi kazi. Vipimo vya ukali wa kolaitisi, yaani kuvimba kwa utumbo mpana, ni vingi, na vitabu huviweka ukurasa mmoja kana kwamba ukichukua chochote umefika. Hapa nimelinganisha vinne, kimojawapo kikiwa kamera inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa, kwa jicho la mtu aliyeko Moshi au Arusha, na la yule ambaye swali lake la kwanza ni gari la kumfikisha mgonjwa Moshi au Arusha.

## Kwanza, utumbo umevimba kwa sababu gani?

Vipimo hivi vilitengenezwa kwa ajili ya kolaitisi ya vidonda, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia utumbo mpana. Vinapima ukali wake. Kukuambia kwamba ugonjwa ni huo, haviwezi. Na huku kwetu anayehara damu ana sababu nyingine za kutafutwa mapema: bakteria wa shigela, amiba, kichocho cha tumbo kwa watu wa tambarare za miwa na mpunga kusini mwa Moshi, virusi vya CMV kwa mwenye VVU ambaye kinga imeshuka, na bakteria wa Clostridioides difficile kwa aliyetoka kumaliza antibiotiki.

Amiba ndiyo inayonitisha kuliko zote. Ukimpa steroidi, dawa ya kutuliza kolaitisi kali, mtu ambaye utumbo wake unaliwa na amiba, utumbo unaweza kutoboka. Choo cha majimaji kifike maabara ndani ya nusu saa kikiwa bado cha moto, maana anayetafutwa ni mdudu anayetembea akiwa amemeza chembe nyekundu za damu. Niliwahi kukuta kikopo cha mgonjwa wangu kwenye dirisha la wodi saa nane mchana, jua la Moshi limekipiga tangu asubuhi, choo kimeshakauka pembeni. Jibu la kikopo kama hicho ni "hakuna kilichoonekana", na daktari akiliamini anaandika steroidi kwa moyo mweupe. Mnyoo wa Strongyloides naye hufumuka mwilini mtu akiwa kwenye steroidi. Mtafute, na penye shaka mtibu mapema.

Kwa shigela, ukali husomwa zaidi kwa upungufu wa maji, degedege na kuchanganyikiwa kuliko kwa alama za vipimo hivi. Lakini usikae mikono mitupu ukisubiri choo kioteshwe kwa siku mbili au tatu. Anayetoka damu na mapigo yanakimbia alazwe na kuongezwa maji, jina la ugonjwa lifuate.

## Maswali ninayokiuliza kila kipimo

Kinataka nini mkononi? Kinaona nini, na nini kinakipita? Hapa kwetu kinadanganywa na nini? Jibu likitoka, linaniambia nifanye nini? Na kinamfaa nani? Swali la nne ndilo ninalolipa uzito zaidi, kwa sababu namba isiyobadilisha unachofanya usiku huo inakula muda wa mgonjwa.

## Truelove na Witts

Mwaka 1955 Sidney Truelove na Leslie Witts wa Oxford walichapisha matokeo ya jaribio la kotisoni, aina ya steroidi. Kwa waliougua vikali, vifo vilishuka kutoka asilimia 24 hadi 7. Namna waliyotumia kusema "huyu ni mkali" bado inatumika wodini mpaka leo.

Kinataka nini. Choo chenye damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na angalau kimoja kati ya hivi: joto zaidi ya 37.8, mapigo zaidi ya 90 kwa dakika, himoglobini chini ya 10.5, au ESR, ile kasi ya chembe nyekundu kutuama, zaidi ya 30. Penye kipimo cha CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukivimba, zaidi ya 30 huchukua nafasi ya ESR. Ukiwa na saa ya mkononi na kipimajoto umeshapata nusu ya kazi.

Ugumu uko kwenye kuhesabu. Wodini nilimkuta mama mmoja amekaa pembeni ya kitanda cha bintiye, chini ya kitanda ameweka bakuli la plastiki. Kila binti akirudi chooni, mama anatumbukiza: harage jekundu kama kulikuwa na damu, punje ya mahindi kama hakuna. Asubuhi faili lilisema "usiku tulivu, anaharisha kidogo". Nikapiga magoti, nikamwaga bakuli kwenye kiganja. Maharage 11, punje 1. Niliandika namba ya bakuli. Tangu siku hiyo kila ndugu anayelala na mgonjwa wangu namwomba ahesabu kwa kitu cha kushika, kwa sababu usingizi wa saa kumi alfajiri unafuta kumbukumbu ya mtu yeyote.

Kinaona nini. Mwili mzima: moyo, joto, damu. Hali ya ndani ya utumbo hakiioni, wala potasiamu inayopotea na kila choo. Hiyo ipime kwa makusudi, kwa sababu ikishuka utumbo hulegea na kutanuka.

Kinadanganywa na nini. Hapa pana mambo. Mwanamke mwenye hedhi nzito au mtu mwenye minyoo ya safura anaweza kuwa na himoglobini ya 9.8 miaka mitatu sasa. Omba kadi ya zamani kabla hujaibebesha kolaitisi lawama hiyo. ESR hupandishwa na kifua kikuu, VVU, ujauzito na upungufu wenyewe wa damu. Joto linaweza kuwa la malaria, hasa kwa anayetoka tambarare, kwa hiyo kipimo cha haraka kifanyike. Mapigo nayo hufichwa na dawa za presha kama propranololi na atenololi: mzee anayezimeza kila asubuhi anaweza kuwa na mapigo 84 huku anazidiwa. Steroidi na parasetamoli hushusha homa. Na choo kikipungua ghafla huku tumbo likijaa na kuuma, hiyo si nafuu. Utumbo umetanuka, na saa za kuchukua hatua zimebaki chache.

Kwa hilo la mwisho, picha ya eksirei ya tumbo ni rafiki wa bei nafuu. Utumbo mpana ukionekana umefika upana wa sentimita 6 kwa mtu anayeumwa vikali, daktari wa upasuaji aamshwe.

Kinaniambia nini. Laza. Haidrokotisoni ya mshipa miligramu 100 kila baada ya saa 6, maambukizi yakiwa yametafutwa. Maji na potasiamu. Heparini ya kuzuia damu kuganda, naam, hata kama anatoka damu chooni, kwa sababu utumbo ulioshika moto hivi huleta mabonge ya damu miguuni na mapafuni. Loperamidi, kodeini na diklofenaki ziwekwe mbali naye. Mpasuaji aambiwe siku hiyohiyo, si siku ya tano. Idadi ya zile dalili za nyongeza, yaani joto, mapigo, himoglobini na ESR, nayo inasema kitu: katika uzoefu wa Oxford uliochapishwa mwaka 2010, wenye dalili moja ya nyongeza chini ya asilimia 10 waliishia kuondolewa utumbo mpana, wenye mbili asilimia 31, wenye tatu au zaidi karibu nusu.

Kinamfaa nani. Yeyote anayeamua kati ya nyumbani na kulazwa, au kati ya hapa na rufaa. Kwa mgonjwa wa kliniki ni butu. Anayeenda choo mara nne bila homa hakimpi neno lolote la maana, hata kama maisha yake yamevurugika.

## Alama za Mayo

Zilitoka Marekani mwaka 1987, kwenye jaribio la dawa lililofanywa Mayo Clinic.

Zinataka nini. Sehemu nne, kila moja 0 hadi 3: choo kimezidi mara ngapi kawaida ya mgonjwa mwenyewe, damu ni kiasi gani, kamera imeona nini, na daktari kwa ujumla anaonaje. Jumla 12, kuanzia 11 ni ukali wa juu.

Yule tabibu aliuliza aweke ngapi pale pa kamera. Jibu ni kwamba asiweke kitu. Sehemu hiyo huondolewa kabisa, jumla inakuwa 9, na jina linabadilika kuwa Mayo ya sehemu. 7 na kuendelea huhesabiwa kali. Ukiweka sifuri umesema utumbo ni mzima. Ukiweka tatu umesema umeona vidonda. Yote mawili ni ushahidi wa uongo kwenye faili.

Zinaona nini. Mwendo wa ugonjwa mwezi hadi mwezi. Kisichoonekana ni mapigo, joto na himoglobini: hazimo kwenye hesabu, labda daktari azitie kwenye ile tathmini yake. Watu wawili, mmoja mapigo 72 na mwingine 130, wanaweza kutoka na namba ileile.

Zinadanganywa na nini. Neno "kawaida". Mtu aliyeumwa miaka minne akiulizwa kawaida yake atasema mara tatu kwa siku, kwa sababu ameshasahau alivyokuwa. Muulize alivyokuwa kabla ya ugonjwa, akiwa shuleni au jeshini.

Zinaniambia nini, na zinamfaa nani. Zinaniambia dawa inafanya kazi au haifanyi. Zinamfaa mgonjwa wa kliniki na daktari anayemwandikia bingwa wa mkoa mwingine, kwani kila bingwa anaisoma lugha hiyo.

## SCCAI

Kipimo hiki chepesi kilichapishwa Uingereza mwaka 1998 na Walmsley na wenzake.

Kinataka nini. Maswali sita tu: choo mchana, choo usiku, kubanwa ghafla, damu, mgonjwa anajisikiaje, na dalili za nje ya utumbo kama viungo kuuma, macho mekundu yenye maumivu au vidonda vya ngozi. Jumla 19. Ikifika 5, ugonjwa una dalili za kurudi. Hakuna sindano wala mashine, hata kwa simu kinafanyika.

Kinaona nini. Mambo ambayo vipimo vingine vinayapita: choo cha usiku kinahesabiwa peke yake, na kubanwa kuna alama zake. Nina mgonjwa anayesafiri kwa daladala kutoka Himo kuja Moshi mjini. Aliniambia anavijua vyoo vyote vya njia hiyo, kipi kina maji na kipi hufungwa kwa kufuli. Kwa Truelove na Witts huyo hana kitu. Kwa SCCAI alipata 8, na dawa yake tukaibadilisha.

Kinadanganywa na nini. Aibu. Swali la kujichafulia lina alama 3, na mzee wa kwetu hawezi kulijibu mbele ya mkwewe. Ndugu watoke kwanza. Halafu swali la "unajisikiaje" hujibiwa "namshukuru Mungu" na mtu ambaye hawezi hata kukaa.

Kinaniambia nini, na kinamfaa nani. Kinaniambia nimwite mgonjwa kliniki wiki hii badala ya mwezi ujao. Kinamfaa aliyeko nyumbani, mwalimu wa Karatu au mfanyabiashara wa Arusha asiyeweza kuacha duka kila mara. Hatari ya kufa usiku huu hakiipimi.

## Kamera na alama za UCEIS

Hizi zilichapishwa mwaka 2012 na Simon Travis na wenzake ili madaktari wawili wakitazama utumbo mmoja waandike namba moja.

Zinataka nini. Kamera, mtaalamu, na mahali penye huduma hiyo, kama hospitali ya KCMC pale Moshi. Huangaliwa vitu vitatu: mishipa ya damu inavyoonekana (0 hadi 2), kutoka damu (0 hadi 3), vidonda (0 hadi 3). Jumla 8. Kwa aliyezidiwa kamera iwe fupi, ya rektamu (puru) na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana tu, bila dawa za kuharisha za maandalizi na kwa hewa kidogo. Kumzungusha kamera utumbo mzima wakati huo ni kutafuta tundu.

Zinaona nini. Utumbo wenyewe, na kipande cha nyama cha kutafuta CMV.

Zinadanganywa na nini. Dawa za kuingiza kwa nyuma huponya rektamu kabla ya juu, na picha ikaonekana nzuri kuliko ukweli. Vidonda vya amiba navyo vinaweza kufanana.

Zinaniambia nini, na zinamfaa nani. Alama 7 au 8 zinaniambia steroidi peke yake huenda isitoshe, kwa hiyo mpango wa pili uandaliwe tangu siku ya kwanza. Zinamfaa aliyekwisha kulazwa hospitali kubwa. Kwa kuamua rufaa zimechelewa.

## Halafu inakuja siku ya tatu

Kipimo chochote ulichoanza nacho, siku ya tatu ya steroidi ya mshipa uulize tena. Kanuni ya Oxford ya mwaka 1996: choo zaidi ya mara 8 siku hiyo, au mara 3 hadi 8 pamoja na CRP zaidi ya 45, basi asilimia 85 ya wagonjwa kama huyo waliishia kuondolewa utumbo mpana kabla ya kutoka hospitali. Leo kuna dawa za infliksimabu na saiklosporini za kujaribu kwanza, mahali zinapopatikana na bima au mfuko wa familia ukaruhusu. Zisipopatikana, upasuaji wa mapema unaokoa. Kinachoua ni kuendelea na sindano zilezile hadi siku ya kumi kwa matumaini.

## Ulipo, na cha kushika

Zahanati isiyo na maabara: hesabu choo, shika mkono upate mapigo, weka kipimajoto. Choo cha damu mara 6 na moja kati ya hayo mawili limezidi, mgonjwa aondoke, ESR itapimwa huko aendako. Umbali nao uhesabu. Aliyeko Machame, jirani na Moshi, ambaye bado hajafika hapo, anaweza kuangaliwa hadi asubuhi. Aliyeko mbali kama Loliondo, mwenye choo cha damu mara 5 na mapigo 95, mimi ningempakia leo.

Hospitali ya wilaya yenye maabara na eksirei: Truelove na Witts kila asubuhi, picha ya tumbo likianza kujaa, choo cha moto kwa ajili ya amiba, na siku ya tatu izungushiwe duara kwenye faili siku ya kwanza.

Hospitali ya rufaa: Truelove na Witts mlangoni, kamera fupi yenye UCEIS ndani ya siku moja au mbili.

Kliniki: Mayo ya sehemu au SCCAI, yoyote uliyoizoea. Lakini usimbadilishie mgonjwa mmoja kipimo kila hudhurio, namba zake hazitalinganika.

Mtoto ana kipimo chake, PUCAI, cha 0 hadi 85, ambacho hakitaki kipimo cha damu wala kamera. 65 na kuendelea ni mkali. Mjamzito mapigo yake hupanda, damu hushuka na ESR hupanda kwa ujauzito tu, kwa hiyo tegemea zaidi hesabu ya choo, CRP na kamera fupi, ambayo anaweza kufanyiwa.

Na ukiandika barua ya rufaa, andika namba zenyewe. "Kolaitisi kali" inamfikia daktari wa zamu kama maoni, naye ataanza upya. Barua ya yule kijana ilifika mkononi mwa dereva, imeandikwa kwa kalamu ya bluu: choo cha damu zaidi ya mara 8 tangu asubuhi, mapigo 116, joto 38.1, malaria hakuna, choo kimeangaliwa kikiwa cha moto saa 3:40 usiku, amiba hakuna, tumbo laini, mama anaendelea kuhesabu njiani.